Jumanne ya Mchujo, Waterbury

Mwaka 2006 nilikuwa nikiishi Waterbury, Connecticut, mji wa vilima na viwanda vya shaba vilivyokwisha kufungwa. Kazi yangu ilikuwa ileile ya Wakenya wengi wa huko: kutunza wazee, zamu ya usiku. Nilikuwa na grini kadi, uraia bado. Kwa hiyo watu wakiniuliza nilimpigia nani kura siku seneta Joe Lieberman alipoangushwa na chama chake mwenyewe, Democratic, jibu ni kwamba sikumpigia mtu. Nilibisha milango ya wenye kura.

Lieberman hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa seneta tangu 1989, na mwaka 2000 alikuwa mgombea mwenza wa Al Gore aliyewania urais. Pale kwetu hakuna aliyemwita Seneta, walimwita Joe. Oktoba 2002, Seneti ilipompa Rais Bush idhini ya kuivamia Iraq kwa kura 77 dhidi ya 23, yeye alikuwa katika wale 77. Hapo hakuwa peke yake, Wademokrati wengi walifanya hivyohivyo. Lakini silaha za maangamizi zilizodaiwa kuwako Iraq ziliposakwa zisionekane, wenzake walianza kusitasita, naye ndiyo kwanza akakaza kamba. Novemba 2005 aliandika gazetini kwamba majeshi lazima yabaki. Baada ya siku chache akawaonya wenzake chamani kwamba kumpunguzia rais imani ya watu wakati wa vita ni kuihatarisha nchi. Maneno hayo ndiyo yaliyowasha moto. Juni 2006 hoja ya kuweka tarehe ya kuwaondoa askari Iraq ilipata kura 13 tu katika Seneti, 86 zikaikataa, na Joe akiwemo katika waliokataa. Huko Iraq, tangu msikiti wa Samarra ulipuliwe Februari, Wairaqi walikuwa wakichinjana wao kwa wao, na Wamarekani waliokufa walikuwa wamepita 2,500.

Mimi siasa hizo nilizifuata kwa mbali. Kilichonivuta ni kijana mmoja wa kanisani kwetu, mtoto wa Kikenya, aliyejiunga na jeshi. Tangu Julai 2002 kulikuwa na amri ya rais kwamba mgeni anayevaa sare aweze kuomba uraia mara moja, bila kungoja miaka ambayo sisi wengine tulikuwa tukiihesabu. Vijana wetu kadhaa waliingia kwa mlango huo. Huyu alipelekwa Ramadi, huko Iraq. Mama yake tulikuwa tukifanya naye zamu moja, na usiku, wazee wakishalala, alikuwa akikaa karibu na simu ya mapokezi ingawa hakuna aliyewahi kumpigia hapo. Nilipomwambia kuna watu wanataka kumtoa Joe kwa sababu ya vita, alinitazama kwa muda akasema, "Mimi siwezi, ndugu yangu. Mwanangu yuko mikononi mwao. Wewe nenda."

Basi nikaenda.

Aliyekuwa akituongoza mtaani alikuwa mwalimu mstaafu, bibi mwembamba mwenye sauti ya kuamuru darasa. Ofisi yake ilikuwa meza ya jikoni. Watu wa magazeti waliandika kana kwamba Lieberman alipinduliwa na hasira. Mimi nilichokiona ni orodha. Mchujo wa Connecticut ni wa wanachama peke yao, hivyo mwalimu alikuwa na daftari la Wademokrati wa mtaa wetu, nyumba kwa nyumba, ghorofa kwa ghorofa, na kila jina lilipewa namba: 1 ni wetu kabisa, 5 ni wa Joe kabisa, 3 hajasema au hataki kusema. Wale wa 5 huwarudii. Wale wa 1 unahakikisha wamefika kituoni hata kwa kubebwa. Kazi ni ya 2, 3 na 4. Halafu kulikuwa na majirani wasio na chama chochote, ambao sheria iliwaruhusu kujiandikisha hadi saa sita mchana siku moja kabla ya kura. Hao pia tuliwafuata, na maelfu jimboni walijiandikisha.

"Usianze na vita," mwalimu aliniambia. "Uliza swali, kisha nyamaza." Kwa mtu wa Mombasa, kunyamaza mlangoni pa mwenyeji bila kwanza kuulizana habari ni adhabu.

Nisiwafiche: mgombea wetu mwenyewe, Ned Lamont, alikuwa tajiri wa Greenwich, mwenye kampuni ya televisheni ya kebo, kitukuu cha mshirika wa benki ya J. P. Morgan. Alimwaga mamilioni yake mwenyewe katika kampeni. Uasi wa wanyonge ukabebwa na mtoto wa kitajiri. Nililiona hilo na halikunikosesha usingizi; aliyekuwa tayari kusimama alikuwa ni yeye. Mkutano wa chama wa Mei alihitaji asilimia 15 ya wajumbe ili jina lake liingie kwenye mchujo, akapata 33, na hapo ndipo wakubwa walipoanza kushtuka.

Kulikuwa pia na lile gari. Wanaharakati walitengeneza sanamu kubwa za karatasi na gundi, Bush akimkumbatia na kumbusu Lieberman, kumbukumbu ya tukio la Februari 2005 bungeni, wakaziweka juu ya pikapu na kuzizungusha jimbo zima. Vijana walilipenda sana. Mimi sikulipenda. Milangoni, watu waliokuwa wa 3 walikuwa wakinionyesha picha yake na kuuliza kama hiyo ndiyo heshima ya mtu aliyewatumikia miaka kumi na saba.

Waterbury ulikuwa mji mgumu. Wiki mbili kabla ya kura Bill Clinton mwenyewe alikuja katika ukumbi wa Palace kumpigia debe Joe, na watu walipanga foleni. Nyumba za pale ni za mbao, za ghorofa tatu, kila ghorofa familia yake, na ngazi ziko nyuma, zinalia kila unapokanyaga. Joto la Agosti lilikuwa la kwetu kabisa, ila halina upepo wa bahari. Ghorofa ya kwanza Waitaliano, ya pili Wapuertoriko, ya tatu labda mtu wa Cape Verde, na kila mmoja ana habari yake ya Joe.

Mmoja sijamsahau. Mzee aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha shaba, aliyepigana Vietnam. Alikuwa kwenye veranda ya ghorofa ya pili, kafungulia redio mchezo wa besiboli, na hakuupunguza. Nikauliza swali langu, nikanyamaza. Akasema Joe ndiye aliyemhangaikia malipo yake ya uanajeshi mstaafu pale karatasi zake zilipozunguka ofisi hadi ofisi. Hakuwa seneta aliyemsaidia. Alikuwa karani fulani katika ofisi ya seneta, lakini barua ilikuwa na sahihi ya Joe, naye alikuwa ameitunza.

Kisha akaniuliza, "Na wewe unapigia kura kituo gani?"

Nikamwambia sina kura.

Alicheka mpaka akakohoa. Mtu asiye na kura katoka Afrika kuja kumwambia amfukuze seneta wake! Nikamweleza kwamba miezi michache iliyopita, Novemba 2005, kwetu Kenya serikali ilileta rasimu ya katiba, wanaoikubali wakapewa alama ya ndizi na wanaoikataa wakapewa chungwa, na chungwa likashinda kwa asilimia 58. Rais na serikali yake walishindwa na watu waliokuwa wakienda nyumba kwa nyumba. Hilo halikumgusa. Nikamtajia kijana wa Ramadi, kwa sababu sikuwa na kingine. Hapo akapunguza redio.

"Yuko kikosi gani?"

Sikujua. Alitikisa kichwa kama mwalimu aliyeletewa kazi nusunusu, akasema tumemaliza. Nikamwandika 3.

Jumanne, Agosti 8, vituo vilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Nilitoka zamu moja kwa moja, mama wa kijana akanipa chupa ya chai ya maziwa na mahamri aliyoyakaanga, akarudi zake ndani bila neno. Kituo chetu kilikuwa shule ya msingi. Sheria pale inakataza kampeni ndani ya futi 75 za mlango, na kibao kilichomekwa nyasini kikionyesha mwisho wetu. Nyuma ya kibao hicho tulisimama na mabango yetu, sisi na watu wa Joe, tukigawana kivuli cha mti mmoja na baadaye mahamri yangu pia. Yule kijana wa upande wa Joe alikuwa akilipwa. Nilimwonea huruma kidogo maana hakuwa na habari ya mtu yeyote aliyepita. Mimi kwa siku zile chache nilikuwa nimewajua kwa majina na kwa namba.

Mwalimu alikuwa ndani na nje, akifuta majina ya waliokwisha piga. Saa za jioni alinipa waliobaki wa 1 na 2, tukawafuata kwa gari: mama mwenye mguu mbovu, msichana aliyesahau, mwanamume aliyekuwa akilala kwa sababu naye alikuwa wa zamu ya usiku kama mimi. Huyo alikuja na ndara.

Yule mzee wa veranda alifika yapata saa kumi na moja jioni, kavaa shati la mikono mirefu. Alipita katikati yetu bila kuchukua karatasi ya upande wowote. Connecticut walikuwa bado wanatumia zile mashine kuukuu za vyuma: unaingia, unavuta mkono, pazia linafunga, unateremsha vijiti vya majina, unavuta tena na pazia linafunguka. Alitoka, akanijia.

"Umeuliza kikosi?"

Nilikuwa nimeuliza. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake.

Saa mbili usiku walifunga. Mashine zile hufunguliwa kwa nyuma na tarakimu kusomwa kwa sauti. Mwalimu alitoka na kikaratasi: kituo chetu tumeshindwa. Alikitia mfukoni akasema twende kwake, jimbo ni kubwa. Na kweli. Katika televisheni yake ndogo, kabla ya usiku wa manane, ilikuwa 52 kwa 48, Lamont. Waliopiga kura walipita 280,000, idadi ambayo mchujo wa jimbo lile haukuwahi kuifikia kabla ya hapo. Jikoni watu walilia, na mimi nikapiga simu Mombasa, ambako kulikuwa kukipambazuka.

"Mmemtoa mbunge kwa vita vya wapi?" mama akauliza.

"Iraq."

"Na sasa vitakwisha?"

Wakati huohuo Lieberman alikuwa akihutubia Hartford, akisema amekubali matokeo na kwamba ataendelea kugombea Novemba. Alikuwa amejitayarisha mapema: sahihi za wapiga kura za kumwezesha kugombea alikwisha kuanza kuzikusanya, na akagombea kupitia chama kilichoitwa Connecticut for Lieberman. Mkenya yeyote anakijua chama cha namna hiyo. Kwetu tunaviita vyama vya mfukoni, na wakati ule sheria yetu haikumruhusu mtu kugombea bila chama, kwa hiyo walioshindwa kwenye mchujo walivikimbilia. Wamarekani pale jikoni walishangaa kama waliona mzimu. Nilicheka peke yangu.

Siku mbili baadaye London walikamata watu waliopanga kulipua ndege, na Joe akasema kuondoka Iraq kwa tarehe kutakuwa ushindi kwa watu kama hao. Novemba 7, mbele ya wapiga kura wote na si Wademokrati pekee, alimshinda Lamont kwa asilimia 50 dhidi ya 40. Katika uchaguzi huohuo chama cha Bush kilipoteza mabunge yote mawili, na kesho yake ikatangazwa kwamba Rumsfeld, waziri wa ulinzi, anaondoka. Tulidhani sasa. Januari 10, 2007, Bush akatangaza kuongeza askari zaidi ya 20,000.

Wiki ileile mwalimu alinipigia. Mabasi yanakwenda Washington kwa maandamano ya kupinga vita ya Januari 27, na ana nafasi. Nilikuwa na zamu Jumamosi. Nikamwendea mama wa kijana, ambaye mwanawe alikuwa bado hajarudi, nikamwomba anishikie.

"Nitakushikia," alisema. "Lakini jina langu lisiandikwe kwenye ile orodha yenu."