Muuaji Aliyeachwa na Baba

Baba alifariki akiwa amemaliza sura tisa, na muuaji hajamtaja.

Mchana alisomesha hesabu, usiku akaandika hadithi za upelelezi. Ugonjwa huo aliupata ujanani kwa kumsoma Muhammed Said Abdulla, yule Mmakunduchi ambaye hadithi yake ya kwanza ya Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58. Mpelelezi wa baba aliitwa Karani, mstaafu wa forodha, mtu wa kahawa chungu na kofia iliyopauka. Kiko hakumpa. "Kiko kina mwenyewe," alikuwa akisema, na hapo mjadala umekwisha.

Baada ya hitima ya arobaini mhariri wake wa Dar es Salaam akanipigia simu, nikimalizie kitabu. Wakati ule nilikuwa naandika habari za mahakamani, basi yeye akaona kazi ni ileile. Akanitolea na mifano: Felix Francis wa Uingereza, aliyeziendeleza riwaya za baba yake, Dick, na Anne Hillerman wa Marekani, ambaye baba yake, Tony, alifariki 2008, na mwaka 2013 mtoto akatoa kitabu chenye wapelelezi walewale wa mzee. Mifano mizuri. Lakini Felix aliandika vitabu kadhaa pamoja na mzee wake kabla mzee hajafa mwaka 2010. Mimi baba yangu, hata nikimpelekea chai, alikuwa akifunika karatasi kwa kiganja.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mnunuzi wa mwani anakutwa amekufa ndani ya ngarawa, huko mwambani, pwani ya kusini Unguja. Watu wanaomchukia hawana idadi, maana bei aliyokuwa akitoa ilikuwa ya dhuluma. Yupo mke mdogo. Yupo shemeji mwenye deni. Na yupo mzee mmoja wa heshima, mtu wa safu ya mbele msikitini, ndiye aliyeiona maiti na kupiga kelele. Nilizisoma zile sura mpaka karatasi zikalegea. Nikamshuku shemeji, nikamwacha, nikamrudia. Sauti ya baba niliweza kuiiga. Sentensi zake fupi nimekua nazo. Nilichokosa ni hesabu yake, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kumzulia msomaji muuaji ukurasa wa mwisho. Jibu lilikuwa mle ndani, kalifukia mahali.

Nikaenda Jambiani, kijiji cha pwani hiyohiyo, kwa shangazi, dada yake wa tumbo moja. Ukweli nilikwenda kupumzika tu, karatasi nimezitia mkobani kwa mazoea. Lilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa mbali. Wanawake walishuka pwani asubuhi maji yakipwa, na alasiri nikawakuta wamekaa barazani kwa shangazi wakifunga mbegu kwa ajili ya kesho. Kamba ndefu imelazwa mapajani, vipande vya taitai, vile vikamba vyembamba, vimeshafungwa juu yake kila baada ya shubiri. Mkono mmoja unachuma kitawi cha mwani ndani ya ndoo, mwingine unakizungushia taitai na kukaza, na jicho halipo kwenye kazi hata kidogo. Jicho lipo kwa mpita njia. Harufu ya mwani uliotandazwa uani nilishaizoea nikiwa mdogo. Nguo hutoka nayo mpaka mjini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Hizo ndizo karatasi za kaka yangu? Hebu tusomee, mikono ina kazi, masikio hayana."

Nikasoma. Sijapata kuwa na wasomaji wakali namna ile. Bei ya mwani iliyotajwa waliikataa palepale, wakasema mwandishi kampendelea marehemu. Mke mdogo walimtetea kwa pamoja. Shemeji wakamtukana. Nilipofika kwa yule mzee wa heshima akitoa ushahidi wake, kwamba saa nne asubuhi alitembea kwa miguu mpaka mwambani kutafuta pweza ndipo akaikuta ngarawa, shangazi akaacha kufunga.

"Rudi nyuma. Kule walipotoka kusali Magharibi, siku ya kuamkia. Mwezi ulikuwa wapi?"

Nikapekua. Sura ya pili, mstari mmoja niliokuwa nauchukulia kuwa pambo: watu wanatoka msikitini na nusu mwezi umesimama utosini.

Baraza zima likacheka. Mimi peke yangu ndiye sikucheka.

"Nusu mwezi utosini Magharibi ni mwezi wa siku saba," shangazi akasema. "Maji mafu hayo, hayajai sana wala hayapwi sana, mtoto wa mjini. Saa nne asubuhi yamejaa. Na hata yakipwa hiyo jioni, hayapwi ya kumfikisha mtu mwambani kwa miguu. Angesema saa nne ya bamvua, kama leo, ningemwamini. Huyo alikwenda kwa chombo. Na kama alikwenda kwa chombo, kwa nini anakificha?"

Basi. Ndiye. Miezi yote ile nilikuwa napekua nyoyo za watu, na baba kaweka jibu kwenye kupwa na kujaa, jambo ambalo kila mwanamke wa pwani ile analijua kuliko saa ya ukutani. Nikaandika palepale, nyuma ya ukurasa, magoti ndiyo meza. Na nikaamua Karani hatalifumbua peke yake. Anne Hillerman naye alimchukua askari wa kike, Bernadette Manuelito, aliyekuwa pembeni katika vitabu vya baba yake, akampa nafasi ya mbele. Mimi ningemtoa mkulima wa mwani barazani, kamba mapajani, amfundishe yule mstaafu wa forodha mwendo wa bahari. Baba angenuna siku mbili tatu. Halafu angeuliza kama jina nimempa zuri.

"Shangazi, kwani baba alikwambia?"

"Aniambie nini? Alikuja hapa kabla ya Ramadhani, akakaa hapohapo, kazi kuniuliza: bamvua linashika lini, maji mafu yana siku ngapi, mtu akitoka saa fulani maji yatamfika wapi. Mimi nikajua anataka kununua ngarawa. Nikamtafutia na fundi."

"Akasema nini?"

"Alisema nini! Alikula pweza wangu wa nazi, akasema fundi asubiri. Fundi mpaka leo akiniona njiani ananiuliza."