Kufunga enka: kazi ya msaidizi kwenye kipindi cha vitendo

Katika kozi ya kuzuia majeraha ya michezo, kipindi cha kufunga enka (kifundo cha mguu) kwa plasta, yaani utepe wa gundi, ndicho kinachomtaka msaidizi wa mhadhiri awe macho kuliko vyote. Mhadhiri anaonyesha mara moja, wanafunzi wanageukiana wawili wawili, na makosa yanaanza.

Kwanza ngozi. Kwa joto la Dar, hasa Februari, mguu unatoka jasho hata kabla ya mazoezi, na plasta haishiki penye unyevu. Ufutwe kwa taulo, usipakwe mafuta, ufungwe chini ya feni. Plasta zisiachwe kwenye gari juani, gundi inalainika.

Anayefungwa akae mezani, mguu utokeze nje ya ukingo kuanzia katikati ya muundi, unyayo ukisimama nyuzi 90 na muundi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mfungaji akizama kazini, vidole vinashuka polepole bila mtu kuona. Enka iliyofungwa hivyo humbana mchezaji akisimama. Dawa yake ni kanga: ipitishwe chini ya vidole, anayefungwa aivute mwenyewe kwa mikono miwili.

Tumia plasta ya milimita 38. Mkanda mmoja uzunguke muundi, sentimita 10 hivi juu ya mifupa inayochomoza kando ya enka. Mwingine katikati ya unyayo. Halafu vipande vitatu vipite chini ya kisigino, kila kimoja kikifunika nusu ya kilichotangulia, vikivutwa kutoka ndani kwenda nje. Enka nyingi huteguka unyayo ukipindukia ndani, na kano za upande wa nje ndizo zinazochanika. Ukivuta kinyume, unausaidia mguu kuteguka. Kila kipande kikatwe. Ukizungusha plasta mfululizo, inakaza zaidi ya ulivyokusudia.

Kisha asimame. Unyayo hutanuka ukibeba uzito, kwa hiyo akilalamika maumivu ukingoni upande wa kidole kidogo, mkanda wa unyayo umekaza mno. Bonyeza ukucha wa kidole gumba: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Isiporudi, fungua palepale, hata kama mfungaji ananung'unikia plasta yake.

Wanafunzi wajue pia kwamba plasta hulegea baada ya dakika 20 hivi za mchezo, na humfaa zaidi aliyewahi kuteguka. Kwa timu za mtaani zinazocheza kwenye mashimo na vumbi, ningeanza na zoezi lisilo na gharama: kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, mara 2 kila mguu, goti limekunjwa kidogo na lisiangukie ndani.