Tahasusi na Muda Inaoudai

Hapa Tanzania tumezoea kusema kwamba kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili, na mwanafunzi anayeripoti shuleni hujiona ana nafasi ya kutosha ya kuyazoea mazingira kwanza, kusoma baadaye. Kalenda haimruhusu. Masomo ya kidato cha tano huanza Julai na mtihani wa taifa wa kidato cha sita hufanyika Mei, na katikati yake kuna likizo, mitihani ya mihula, na ile ya moko, yaani ya majaribio, ambayo mara nyingi hufika wakati mada za mwisho hazijaguswa. Ukitoa hayo yote, muda wa kusoma unaobaki haufiki miezi 20. Siku hizi ninaliwaza sana jambo hili, kwa sababu matokeo ya kidato cha nne yamekwisha kutoka na vijana wengi wako katika hatua ya kubadili machaguo yao, wakijadili majina ya tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo, bila kuuliza kila moja inadai muda kiasi gani.

Katika familia zetu nyingi, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) huvikwa heshima ambayo HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hazipewi, kana kwamba masomo ya sanaa ni kimbilio la walioshindwa sayansi. Sikubaliani na mtazamo huo hata kidogo. Mwanafunzi wa Historia hukaa saa tatu akijenga hoja kwa insha ndefu, moja baada ya nyingine, na kila hoja inahitaji sababu, mfano na mpangilio. Niliowaona wakifanya kazi hiyo vizuri walikuwa wasomaji wa kweli, watu wa kurudia sura nzima ya kitabu ili wapate aya moja iliyonyooka. Hata hivyo, ni haki kuhesabu. Kwa mtaala tuliosoma sisi, mtahiniwa wa PCB alikuwa na karatasi tatu kwa kila somo, ikiwemo ya vitendo, kisha Basic Applied Mathematics, ambayo sote tuliiita BAM, na General Studies: karatasi 11 kwa jumla. Mwenzake wa HGL alikuwa na karatasi mbili kwa kila somo pamoja na General Studies, yaani 7. Hesabu hiyo haisemi nani ana akili zaidi, ila inasema wazi kwamba mzigo umegawanywa kwa namna tofauti, na kwamba anayeingia sayansi anapaswa kujua mapema kuwa vitendo vitachukua sehemu kubwa ya juma lake.

Mimi nilichagua PCB kwa sababu niliipenda Baiolojia na nilikuwa tayari kuivumilia Fizikia kwa ajili yake. Uamuzi huo ninaurudia moyoni bila kuujutia, lakini sijasahau maabara. Katika upimaji wa asidi na besi, mkono wa kushoto hushika koki ya bureti, wa kulia hutikisa chupa taratibu, na macho hungoja rangi ya njano igeuke kuwa ya chungwa. Ikifika nyekundu, tone limezidi. Unamwaga, unasuuza, unaanza upya, kisha unainama hadi jicho lilingane na usawa wa kimiminika ndipo usome kipimo. Kitabu hakiufundishi mkono. Mkono hujifunza kwa kusimama hapo tena na tena, na kila saa ya kusimama hapo inatoka katika muda ambao ungeutumia kutatua maswali ya Fizikia. Kiranja wa maabara aliyetufungulia mlango jioni alitusaidia kuliko ratiba yoyote iliyobandikwa ukutani.

Tena kuna suala la kuanzia mwisho na kurudi nyuma. Kwa kujiunga na vyuo vikuu vya Tanzania, kiwango cha chini cha jumla kwa anayetoka kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa E au zaidi katika masomo mawili, zikiwa na jumla ya pointi 4, na katika hesabu hiyo A ni pointi 5, D ni 2 na E ni 1. Maana yake E mbili hazitoshi, ilhali D mbili zinatosha. Lakini kila shahada ina masharti yake juu ya hapo, na ndiyo yanayofunga au kufungua milango. Anayetaka udaktari wa binadamu hawezi kuikwepa Fizikia, kwa kuwa inatakiwa pamoja na Kemia na Baiolojia. Akichukua CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), mlango huo amekwisha kuufunga akiwa na umri wa miaka 17 au 18, hata kama hajui. Anayewaza kilimo, sayansi ya mazingira au ualimu wa sayansi, CBG inamtosha, na itamwachia nafasi ya kupumua. Tangu mwaka 2024, tahasusi zilipoongezwa na kufikia 65, uchaguzi umekuwa mpana zaidi, na kwa hiyo kuyasoma masharti ya vyuo kabla ya kujaza fomu kumekuwa kazi ya lazima.

Kuhusu kuubeba mzigo wenyewe, naamini kilichotusaidia ni kukubali kwamba masomo hayawezi kupewa saa sawa. Fizikia niliipa saa za alfajiri, wakati akili bado haijachoka, na Baiolojia, ambayo niliisoma kwa hamu hata nikiwa nimechoka, niliiachia prepu, kipindi cha kujisomea, ya usiku. Jumamosi asubuhi nilikaa na karatasi ya mtihani uliopita kwa saa tatu kamili, bila daftari na bila kuuliza mtu, kisha mchana nikayaandika upya maswali niliyoyakosa katika daftari la pekee. Daftari hilo lilinifaa sana kuliko muhtasari wowote, kwa sababu muhtasari hukuonyesha unachokijua na kukufariji, wakati makosa yaliyoandikwa kwa mkono wako hayakufichi kitu. Majadiliano ya kikundi niliyapunguza yakabaki yale ya mada ambazo kila mmoja alikuwa amekwisha kuzisoma peke yake. Na kukesha niliacha kabisa. Nimewaona wenzangu wenye uwezo mkubwa wakiingia darasani baada ya kukesha na miguu ndani ya beseni la maji ili wasilale, wakisinzia kabla kipindi cha kwanza hakijaisha.

BAM inahitaji neno lake. Kwa kuwa haihesabiwi katika pointi za daraja, wengi huiweka kando hadi wiki za mwisho, nami naliona hilo kuwa hatari, maana zipo shahada zinazodai walau S, alama ya ufaulu iliyo chini ya E, katika somo hilo iwapo mwombaji hana Hisabati ya juu. Saa mbili kwa juma, kuanzia kidato cha tano, zinatosha kwa aliyekuwa na msingi wa kawaida.

Mdogo wangu wa kiume naye yumo katika hatua hii. Baba anataka PCB, yeye anasitasita kati ya hiyo na CBG, na juzi aliniuliza, "Dada, wewe ungekuwa mimi ungejaza nini?" Sikumjibu kwa jina la tahasusi. Nilimwomba kwanza aniandikie shahada tatu anazozitamani na masharti ya kila moja, kisha nikampa daftari langu la Fizikia la kidato cha tano, sura ya mwendo wa mzunguko, akae nayo jioni kadhaa na kujaribu maswali yaliyo mwishoni. Simtarajii ayapate yote. Ninachotaka kujua ni kama akikosa swali atataka kulirudia. Akilirudia, nitamuunga mkono aende PCB kwa moyo wote. Na akiniambia kwamba hamu haipo, na shahada alizoziandika haziidai Fizikia, basi fomu itajazwa CBG, na kwa baba nitakwenda mimi mwenyewe kumweleza sababu.