Karafuu za Munduk: siku moja Bali pamoja na Mama

Goti la kushoto la Mama halipatani na ngazi, na basi la watalii halimsubiri mtu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nitafute gari la peke yetu tulipofika Bali, kisiwa cha Indonesia, mwezi wa Agosti. Ya pili ni sala. Ya tatu sikuijua mpaka saa tano ya siku yenyewe, na ndiyo iliyonikalisha kuandika haya.

Tulikubaliana na dereva rupia laki saba kwa gari, mafuta na yeye mwenyewe kwa saa kumi. Viingilio na chakula juu yetu. Usiku wa kuamkia safari nilimpelekea orodha ya pahala nane. Akanijibu kwa upole kwamba nane ni kazi ya siku mbili, nichague nne au tano, na kama Mama anasumbuliwa na goti basi tuache maporomoko ya maji. Hapo nikajua nimepata mtu. Dereva anayeitikia kila unalomwambia atakushusha, atakungoja upige picha, atakupakia tena, basi.

Saa moja asubuhi alikuwa mlangoni, amefunga kitambaa cha kichwa cha Kibali wanachokiita udeng. Mbele ya usukani palikuwa na kijisahani cha jani la mnazi kilichosukwa, ndani yake maua, punje za wali na kijiti cha ubani. Ni canang sari, sadaka ambayo Wabali huitoa kila siku. Utaiona kwenye ngazi za duka, juu ya pikipiki, kando ya mtaro, na inabidi utazame unapokanyaga. Mama aliinama akaitazama ile suka kwa muda. "Huyu aliyesuka ana mkono," akasema.

Jina la dereva wetu ni la mtoto wa nne. Wabali wengi huitwa kwa mpangilio wa kuzaliwa: Wayan, Made, Nyoman, Ketut, na wa tano akizaliwa mzunguko unaanza tena. Lakini alitaka tumwite Bli, yaani kaka. Naye Bli alimwita Mama Ibu, nikamfahamisha Mama kwamba Ibu ni mama, akaridhika. Halafu Bli akamuuliza, "Apa kabar, Ibu?" Mama akanigeukia: "Ananiuliza habari?" Ndiyo, anakuuliza habari. Basi njia nzima ya asubuhi ikawa mchezo huo. Sabuni kwao ni sabun, karatasi ni kertas, wakati ni waktu, dunia ni dunia. Meza ni meja na bendera ni bendera ile ile, maana Mreno alipita kwao na kwetu. Sisi watu wa pwani tumezoea kuangalia Oman na India tunapozungumzia bahari. Huku mbali zaidi hatukuangalii sana, na upepo ni mmoja.

Kituo cha kwanza kilikuwa Taman Ayun, Mengwi, hekalu la ukoo wa kifalme lililojengwa mwaka 1634. Limezungukwa na handaki la maji, na ua wa ndani ni wa wenye kusali tu. Mgeni hupita nje ya ukuta mfupi na kuona kila kitu. Mle ndani imesimama minara ya meru, mapaa ya nyuzi nyeusi za mtende wa sukari yaliyopandana, kwa kawaida kwa hesabu ya witiri, mpaka kumi na moja. Mama alijifunga kanga moja kiunoni na ya pili akajitanda, mlinzi akamwitikia kwa kichwa, hakumpa sarungi ya kuazima. Tulizunguka taratibu. Hakuna ngazi za maana, na saa mbili asubuhi hapana watu. Kama una mzee, anzia hapo.

Kutoka Mengwi barabara inapanda. Masikio yakaziba, baridi ikaingia, na tulipofika Bedugul, kama mita 1,200 juu ya bahari, Mama alikuwa amejifunika koti langu. Hekalu la Ulun Danu Beratan, la mwaka 1633, limekaa ndani ya ziwa lenyewe. Maji yakijaa unaona mapaa kumi na moja yameota juu ya maji. Picha yake ilikuwa kwenye noti ya rupia 50,000 ya miaka iliyopita, na wageni wengi huja kwa ajili ya picha hiyo. Bli hakuanza na picha. Alituonyesha milima, akasema mvua yote ya huku inashuka kwenye ziwa, na ziwa linalisha mashamba mengi ya mpunga chini. Dewi Danu, mwenye ziwa kwa imani yao, anaombwa hapa kwa sababu hapa ndipo riziki inapoanzia. "Tutakwenda kuyaona maji haya mchana," akasema, "yakiwa shambani." Nilipenda namna alivyoifunga siku yetu kwa kamba ya maji.

Kutoka hapo mpango ulikuwa kupita ukingoni juu ya maziwa mawili, Buyan na Tamblingan, tuyaone kwa juu, kisha kugeuza. Maziwa ni mazuri, msitu mpaka kwenye maji, ukungu unatembea juu yake. Kisha Bli akauliza kama tunataka kushuka kidogo upande wa Munduk, dakika ishirini tu. Tukakubali.

Kona ya tatu au ya nne, Mama akashusha kioo. Hakusema kitu. Alivuta pumzi, akavuta tena, halafu akanishika mkono kwa nguvu: "Simamisha gari."

Pembeni ya barabara, juu ya turubai la buluu, zilikuwa zimeanikwa karafuu.

Mama amezaliwa kijijini nje ya Wete, Pemba. Amechuma karafuu toka ana miaka saba mpaka alipoolewa, na baada ya kuolewa akachambua za mumewe. Miaka kumi na moja sasa anakaa nami Muscat, na mikarafuu huiona kwenye simu tu. Sasa ilikuwa inapanda mlima kutoka barabarani mpaka isipoonekana, majani mapya yana ile rangi ya wekundu wa waridi, na juu kabisa, kwenye ngazi ya mwanzi mmoja iliyofungwa kamba huku na huku, palikuwa na mtu anachuma. "Ngazi ya gogo moja!" Mama akasema. "Sisi tulikuwa tukiparamia, tawi la mbali unalivuta kwa kingoe."

Uani kwa nyumba ile alikuwa amekaa bibi mmoja mkekani, anachambua. Bli alikwenda kumwomba ruhusa, na kabla hajamaliza kuzungumza Mama alishaketi, goti amelinyoosha, kashika kishada. Anakizungushia kiganjani, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo anatupa upande ule. Yule bibi aliutazama mkono. Akatazama uso. Akasogeza kapu katikati yao.

Walikaa hivyo dakika arubaini. Bibi alisema "cengkeh", Mama akasema "karafuu", wakarudia mara mbili tatu, na zaidi ya hapo hawakuhitaji lugha. Mama aliuma karafuu mbichi akatikisa kichwa, kali. Bibi akamwonyesha viganja vyake vilivyopiga weusi, Mama akamwonyesha vyake ambavyo vimeshatakata, akasikitika navyo. Mimi nilikaa kibarazani na Bli, nikamwambia jambo ambalo yeye hakuwa akilijua.

Mti huu asili yake ni Maluku, visiwa vya Indonesia hii hii, mashariki zaidi. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanya miche itolewe kwa siri na kupandwa Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Zanzibar. Sayyid Said akaipandisha kwa wingi, na waliochuma walikuwa watumwa. Hilo halisemwi vya kutosha tunapojisifu kwa harufu. Mwaka 1872 kimbunga kikaing'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, ndiyo maana ukisema karafuu mpaka leo unasema Pemba. Kisha jambo likageuka: Waindonesia walipozoea kuvuta kretek, sigara yenye karafuu ndani, mashamba yao hayakutosha, wakawa wananunua kutoka kwetu. Babu alikuwa akituambia karafuu zetu zinakwenda kuchomwa moto na Waindonesia, na sisi watoto tulidhani ni hadithi. Baadaye wakapanda zao za kuwatosha, na Pemba bei ikaanguka. Kwa hiyo mti umeondoka kwao ukaja kwetu, mazao yakarudi kwao, na sasa mwanamke wa Wete amekaa chini ya mkarafuu wa Munduk anachambua.

Bli alinyamaza kidogo. Kisha akatoa pakiti ya kretek mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Wakati wa kuondoka yule bibi alimfungia Mama karafuu za kukauka nusu kwenye jani la mgomba. Mama alitaka kulipa, bibi akakataa. Mama akavua mtandio, ile kanga ya pili, akamwekea magotini, na tukaondoka upesi ili asije akakataa na hiyo.

Basi la watalii lingepita pale kwa mwendo wa kilomita arubaini, vioo vimefungwa kwa sababu ya kiyoyozi.

Adhuhuri tulirudi Bedugul. Kuna msikiti mkubwa Candikuning, Al-Hidayah, umejengwa mlimani ukilitazama ziwa, na chini yake kijiji cha Waislamu walioishi hapo vizazi kwa vizazi. Bli alitupeleka bila kuulizwa, akatungoja chini. Baada ya sala Mama alisimama ukutani akatazama ziwa. Hekalu unaliona kule chini, na ndani ya uwanja wake kuna stupa, jengo la ibada la Kibudha. Hakusema neno, na mimi sikumharakisha. Chakula tulikila hapo hapo kijijini, mishikaki ya kuku kwa mchuzi wa karanga na wali, maana kwingine Bali nyama ya nguruwe imeenea na ni vyema umwambie dereva mapema. Njiani alituuliza pia kama tunataka kuonja kahawa ya luwak, ile inayopita tumboni mwa ngawa. Ngawa hao wengi hufungiwa vizimbani. Tulikataa na yeye akafurahi.

Jatiluwih tulifika saa tisa kasoro. Makonde ya mpunga yanashuka ngazi ngazi kutoka mlima Batukaru, na Bli akasema ndiyo yale maji: unayasikia kila unapopita, yanaingia konde hili, yanamwagikia la chini. Mama hakutembea mbali. Palikuwa na njia tambarare, akakaa kwenye kibanda na chai ya mchele mwekundu. Mimi nikaenda na Bli.

Wakulima wanaotumia mfereji mmoja wana umoja wao, subak, na kila subak ina hekalu lake la maji. Hapo ndipo wanapoamua nani apande lini na nani apate maji wiki gani. Utaratibu huu una zaidi ya miaka elfu moja, na UNESCO waliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2012. Bli, ambaye baba yake ni mkulima, alisimama penye mgao wa maji, gogo lililochongwa mapengo mawili, akasema pengo hili ni la watu wale, hili la hawa, na hakuna atakayeligusa usiku. Katika miaka ya 1970 wakulima walihimizwa na serikali kupanda mbegu mpya na kupanda mfululizo bila kungoja zamu. Maji yakagombaniwa, wadudu wakazidi, kwa sababu daima palikuwa na mpunga mchanga mahali fulani wa kuwalisha. Mtaalamu wa Kimarekani, J. Stephen Lansing, ndiye aliyeonyesha kwamba zamu za mahekalu zilikuwa zikiwafisha wadudu njaa: bonde zima likivunwa pamoja, hawana pa kwenda. Nilimfikiria shangazi yangu na bonde lao la mpunga Pemba, ambako kila mtu anapanda anapopata nafasi. Nimempelekea sauti ndefu juu ya jambo hili. Bado hajajibu, lakini ameisikiliza.

Tanah Lot tulifika saa kumi na moja na nusu, na hapo watu ni wengi mno. Mwamba uko baharini, hekalu juu yake, linalonasibishwa na kuhani wa karne ya 16, Dang Hyang Nirartha. Maji yakikupwa unavuka kwa miguu mpaka kwenye chemchemi ya maji matamu iliyo chini ya mwamba, juu hupandi. Sehemu kubwa ya mwamba imejazwa kwa mawe ya kutengenezwa, maana mawimbi yalikuwa yanaula. Mama hakutaka kuvuka. Alitazama mstari wa povu, akasema yamekwisha kugeuka, yanajaa, na waliovuka warudi. Baada ya robo saa walinzi walikuwa wanapuliza filimbi kuwarudisha watu. Jua lilizama nyuma ya mwamba nasi tumekaa kwenye ukuta, miguu imechoka, jani la mgomba liko kwenye mapaja ya Mama.

Njia ya kurudi Bli alizima kiyoyozi akashusha vioo bila kuombwa, ingawa barabara ilikuwa na vumbi. Nilimlipa laki tisa.

Zile karafuu Mama alizianika siku nne kwenye baraza ya chumba chetu, juu ya gazeti, akizigeuza asubuhi na jioni. Siku ya nne alivunja moja, ikalia. Akazihesabu: 214. Sasa ziko Muscat ndani ya chupa yenye kifuniko cha kijani, rafu ya juu, na hajamruhusu mtu kuzitia kwenye pilau.