Ukifuta, iambie na diski

Hapa Aggrey, Kariakoo, wateja wangu wakubwa ni wahariri wa video za harusi, na wengi huja na shtaka moja: "Kaka, hii SSD imechoka." SSD ni diski isiyozunguka, inayohifadhi data kwenye chipu. Ilipokuwa mpya ilimeza sendofu nzima bila kusita. Sasa kunakili kunaanza kwa mbio, halafu mshale unaganda. "Na nimefuta kila kitu, nafasi ipo!"

Nafasi ipo kwenye Windows. Ndani ya diski ni habari nyingine.

Chipu za kumbukumbu zilizomo kwenye SSD, ziitwazo NAND, haziwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani kama zilivyofanya diski za kuzunguka. Zinaandika kwa kurasa ndogo, kilobaiti 4 hadi 16 hivi, lakini zinafuta kwa bloku nzima yenye kurasa mamia. Na wewe ukifuta faili, Windows inaondoa tu jina kwenye daftari lake. Diski isipoambiwa, kwake data ile bado ina mwenyewe.

Chukulia nyumba ya kupanga ya Tandale ambayo mwenye nyumba hawezi kukarabati chumba kimoja. Ni nyumba nzima au aache. Kwanza awahamishe wapangaji waliomo. Kama nusu yao walishaondoka usiku bila kuaga, atabeba makabati ya watu ambao hawapo, ayatafutie vyumba kwingine, na wapangaji wapya wakae barazani wakisubiri. Ndiyo kazi inayofanywa na SSD yako inapoganda: inahamisha data mfu kutoka bloku hadi bloku. Unaiandikia gigabaiti moja, yenyewe kwa ndani inaandika zaidi ya hiyo, na kila bloku ina idadi ya kufutwa inayoweza kuvumilia kabla haijafa.

Amri ya TRIM ndiyo kuaga kwenyewe. Mfumo endeshi unaitumia diski ujumbe kwamba maeneo haya na haya hayana mtu. Windows inayo tangu toleo la 7 la mwaka 2009, Linux ikaipata mwaka 2010 kwenye ext4, mpangilio wake wa kuhifadhi faili. Kwenye SSD za NVMe, zile za kasi zaidi, amri ina jina lake, kazi ni ileile.

Mafundi vijana hunibishia hapa. Wao wanataka kuweka neno "discard" kwenye fstab, faili la Linux lenye mipangilio ya diski, ili kila faili likifutwa diski iambiwe papo hapo. Mimi ni mtu wa mkupuo: yaliyofutwa yakusanyike, diski iambiwe kwa pamoja. Kwenye diski za mwanzo za SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta, TRIM haikuweza kupanga foleni na amri nyingine, kazi zote zilisimama kuipisha. Foleni ilikuja na SATA 3.1 mwaka 2011. Hata kwenye diski za leo, eneo moja kubwa lililokusanywa ni jepesi kulishughulikia kuliko vipande elfu vya hapa na pale. Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, inaendesha yenyewe kila wiki fstrim, amri ya kutuma TRIM kwa mkupuo, inatosha. Ila ukishafuta harusi ya gigabaiti 300 usingoje wiki iishe: sudo fstrim -av, basi. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike defrag C: /L. Hiyo /L usiisahau, ndiyo inayotuma TRIM. Kama una wasiwasi kwamba imezimwa, uliza fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa 0, inafanya kazi. Jina lenyewe maana yake "zima taarifa ya kufuta", kwa hiyo 0 ni "usizime". Aliyelibuni alikuwa na siku mbaya.

Kisha iache laptopu ikiwa imewaka, bila kazi, kwa muda. TRIM inatoa taarifa tu. Kufagia kunafanywa na diski yenyewe ikipata utulivu.

Wahariri wengi SSD zao zinakaa kwenye makasha ya USB, na makasha mengi ya bei ya chini hayapitishi TRIM kabisa. Kwenye Linux andika lsblk --discard. Ukiona sifuri kwenye DISC-GRAN na DISC-MAX, ujumbe haufiki. Naitoa diski, naichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani, naipiga TRIM, nairudisha. Na simwachii mtu aijaze hadi pomoni. Asilimia 15 iwe wazi, hata kama ana harusi tatu Jumamosi.

Kuna programu za "kusafisha" zinazojaza nafasi tupu kwa sifuri. Kwenye diski ya kuzunguka sawa. Kwenye SSD unaichosha kwa kuandika kisichohitajika, na kurasa zilizokuwa huru zinarudi kuhesabiwa zina mali.

Lakini wateja haohao wanaotaka kasi hurudi siku nyingine: "Kaka, nimefuta folda ya bibi harusi, nirudishie." Kwenye diski za zamani nilikuwa narudisha mengi. Kwenye SSD iliyokwisha pokea TRIM, programu ya kurejesha kwa kawaida inasoma sifuri tupu. Kama ndiyo kwanza umefuta, zima mashine hapohapo na usiiwashe. Pengine ujumbe haujafika. Huwa sitoi ahadi. Swali langu la kwanza siku hizi ni kadi ya kamera iko wapi, na kama imeshapigiwa shughuli nyingine.