Pampu ikiguna saa nane usiku: miaka minne na Hiace yetu ya kulala

Wiki iliyopita tulilala Pangani, gari tumelipaki chini ya minazi mita chache tu kutoka baharini, watoto wameshasinzia na mume wangu anakoroma, mara kwenye saa nane usiku nikasikia pampu ya maji imeguna. Trrr, sekunde moja tu, halafu kimya. Nikasubiri. Baada ya dakika kama ishirini ikaguna tena. Mume wangu akasema mama lala, itakuwa upepo, lakini mimi hiyo sauti naijua, pampu ya presha ikijiwasha yenyewe wakati koki zote zimefungwa maana yake presha imeshuka, na presha haishuki bila maji kutoka sehemu. Nikachukua tochi na tishu kavu nikawa nagusisha kila kiungo cha mpira kimoja kimoja, kuanzia kwenye tenki mpaka nyuma ya sinki, na pale nyuma ya sinki tishu ikalowa. Klempu, ile pete ya kubana mpira wa maji, imelegea. Nikaikaza na bisibisi kidogo tu, pampu ikanyamaza mpaka asubuhi.

Naanza na hiyo stori kwa sababu watu wengi wakiniuliza kuhusu hili gari wanauliza injini, inakula mafuta kiasi gani, spea zinapatikana, na hayo ni maswali mazuri kabisa ila majibu yake ni mepesi. Ni Hiace ya mwaka 2001, injini 5L, dizeli isiyo na turbo, cc 2,986, na hapa Arusha hata kijana aliyeanza gereji jana anaijua hiyo injini. Zamani ilikuwa inabeba abiria. Tukang'oa siti, tukaweka kitanda, kabati, sinki, tenki la maji lita 60, friji ndogo ya volti 12, sola juu, jiko la gesi. Majirani wanaiita geto linalotembea na sisi tumelipokea hilo jina. Kinachonisumbua mimi miaka yote minne sio injini, ni hiyo nyumba iliyoko ndani.

Tatizo lenyewe nimelielewa polepole sana. Fundi wa nyumba hajui mtikisiko, na fundi wa gari hajui nyumba. Sisi tulichukua seremala mzuri, fundi bomba mzuri, fundi umeme wa majumbani mzuri, watu wanaojiheshimu na kazi zao safi, na kila mmoja alifanya vile anavyofanya kwenye nyumba iliyotulia kwenye msingi wake. Halafu tukaichukua hiyo nyumba tukaipeleka Engaruka.

Kama hujawahi kupita ile barabara kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka na kuendelea mpaka Natron, sehemu kubwa ya ile njia ya vumbi ina mikunjo kama bati, gari linatetemeka saa nzima bila kupumzika na lile vumbi laini la volkano linaingia mpaka kwenye mfuko wa unga. Tulivyofika skrubu za kabati zilikuwa zimedondoka sakafuni kama mahindi. Bomba la plastiki gumu lililounganishwa kwa gundi lilikuwa limepasuka kwenye kona, lita 60 zote zimeingia chini ya kitanda. Na taa za ndani haziwaki.

Ile ya taa ndo ilinifundisha zaidi. Fundi alikuwa ametumia waya wa nyumbani, ule wenye shaba moja nene katikati, na kwenye ukuta ule waya unakaa miaka na miaka, lakini kwenye gari kila mtikisiko unaukunja pale pale unapoingia kwenye taa au swichi mpaka shaba inachoka na kukatika ndani ya plastiki, nje unaona waya mzima kabisa. Tulitafuta siku nzima. Fundi rewaya wa magari alivyokuja aliuvuta tu kwa mkono ukatoka, akaniambia, "Dada, kwenye gari tunatumia waya wa nyuzi nyingi, huu utakusumbua." Tukatoa wote. Bomba gumu tukalitoa pia, sasa hivi ni mpira laini unaojikunja na klempu za chuma mwanzo mwisho, na kila safari inavyoisha nazipitia zote na bisibisi (ile ya nyuma ya sinki ilinipita, ndo ikanitafuta Pangani). Kwenye makabati tumebadilisha skrubu karibu zote tukaweka bolti na zile nati zenye plastiki ndani, hazilegei hovyo. Na zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa, jamani, kama unajenga gari la kulala usiziweke, zikinusa maji tu zinavimba na skrubu hazishiki tena. Weka plaiwudi nzuri ukingo wake umepigwa vanishi.

Sasa dari. Dari ilinitoa machozi kweli kweli.

Masika ya mwaka juzi godoro lilikuwa linalowa upande wa miguuni. Juu ya kitanda kuna kile kidirisha cha hewa cha kwenye paa, kwa hiyo kila mtu aliyepanda juu alipaka silikoni kuzunguka kile kidirisha. Fundi wa kwanza akapaka. Ikavuja. Wa pili akapaka juu ya ile ya kwanza, ikavuja, na mimi mwenyewe nikapaka ya tatu juu yake, yaani paa likawa na mlima wa silikoni na godoro bado linalowa. Nilichokuja kujua baadae ni vitu viwili. Kwanza, silikoni mpya haishiki vizuri juu ya silikoni ya zamani, lazima uikwangue yote mpaka uone rangi ya gari, ufute kwa spiriti, uache ikauke kabisa, ndo upake. Pili, maji hayadondoki pale yalipoingilia. Paa la gari lina mbavu kwa ndani, maji yanaingia mbele yanatembea juu ya ubavu taratibu mpaka yakute kona au tundu la skrubu ndo yanadondoka, kwa hiyo mimi nilikuwa naziba kidirisha wakati maji yanaingilia mita nzima mbele, kwenye miguu ya sola.

Tulijuaje? Tulishusha kipande cha plaiwudi ya dari, mume wangu akapanda juu na mpira wa maji, mimi nikalala kitandani na tochi. Unaanza kumwagia sehemu ya chini kwanza, pembeni, unakaa hapo hapo kama dakika tano, halafu unapanda juu kidogo, unakaa tena, kipande kwa kipande. Ukianza juu maji yatashuka yalowanishe kila kitu na hutajua yameingilia wapi. Alivyofika kwenye bolti ya tatu ya fremu ya sola nikaona tone linachungulia, linatembea juu ya ubavu, linaelekea kitandani kwangu. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje.

Zile bolti tulizitoa zote, tukasafisha, tukaweka ile gundi nyeusi ya poliyurethane wanayotumia mafundi wa vioo vya mbele, kwa sababu ile inabaki na unyumbufu na gari linapotikisika nayo inavutika kidogo bila kuachia. Kutu iliyokuwa imeanza kuzunguka matundu tukaipiga msasa, tukapaka primer na rangi kabla ya kurudisha chochote, usizibe juu ya kutu maana itaendelea kula huko chini. Masika mbili zimepita, pakavu. Ila bado kila mwisho wa Februari napanda juu na kitambaa kukagua, maana jua letu linakausha hizi gundi na zikianza kuwa na nyufa ndogo ndogo unaziona mapema.

Umeme nitausema kwa namba maana namba ndo zinasaidia. Nina maltimita, yaani kipima umeme, ya bei rahisi na inakaa kwenye droo ya vijiko. Betri ya kawaida ya maji, ikiwa imepumzika masaa kadhaa bila kuchaji wala kutumika, inasoma kama volti 12.6 au 12.7 ikiwa imejaa. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, na hapo mimi nazima friji, kwa sababu betri za aina hii ukizoea kuzishusha chini ya nusu zinakufa mapema sana. Gari likiwa linaunguruma usome 13.8 mpaka 14.4 hivi, chini ya hapo alteneta (ile inayochaji betri injini ikizunguka) au mkanda wake una shida. Kwenye betri ongeza maji ya betri tu, sio ya bombani, na zile terminali zikiota unga mweupe au wa kijani zioshe kwa maji ya moto na magadi kidogo, kausha, paka grisi.

Halafu inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Shemeji alikuja na birika la umeme la wati 2000 akauliza kwa nini asichemshie chai humu. Piga hesabu, wati gawanya kwa volti, 2000 kwa 12 ni zaidi ya ampea 160, waya wetu ungeyeyuka. Chai tunachemsha kwenye gesi. Na kwenye waya unaotoka kwenye betri, fyuzi ikae karibu kabisa na betri yenyewe, sio kule mwisho kwenye taa, kwa sababu ile fyuzi inalinda waya. Waya ukichubuka katikati ukagusa bodi na fyuzi iko kule mbele, hakuna kitakachouzuia kuwaka moto, na ninyi mmelala juu yake.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inashuka na kukaa sakafuni, kwa hiyo tumetoboa tundu la hewa sakafuni kwenye kabati la mtungi na hatuliwekei kitu juu. Kila tukibadilisha mtungi napaka povu la sabuni kwenye regyuleta na mpira, likitoa mapovu naacha kupika. Hilo sina mjadala nalo, kuna watoto humu.

Upande wa gari lenyewe fundi wetu anamaliza, mimi nafuatilia tu. Oili kila kilomita 5,000. Mkanda wa taimingi kila 100,000, na kwa kuwa gari tulinunua mkononi na hatukuamini maelezo ya aliyetuuzia, tulibadilisha siku ile ile. Kumwaga maji yanayokusanyika chini ya filta ya dizeli. Cha muhimu kwa gari la kulala ni uzito, kwa sababu daladala inabeba watu halafu inawashusha ila sisi kabati na tenki haishuki hata siku moja, zile springi za nyuma zimebeba usiku na mchana. Kwa hiyo yubolti za springi, zile bolti zenye umbo la U zinazozishikilia, zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, bushi ziangaliwe. Na tairi ziwe zile zenye herufi C za kubeba mzigo, na uangalie tarehe ubavuni, zile tarakimu nne, ikiandikwa 2319 imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Gari letu linakaa limepaki wiki nyingi kwa hiyo tairi inazeeka ikiwa bado na kashata (yale meno ya juu) nzuri, huwezi kuijua kwa macho.

Breki ilitutisha mara moja, tukishuka kutoka Lushoto kuja Mombo. Zile kona, korongo pembeni, gari limejaa, na mume wangu alikuwa anashuka kwa gia kubwa huku anagusa breki kila kona, katikati ya mlima pedali ikawa laini, inaingia mpaka karibu na sakafu. Tukasimama pembeni nusu saa zipoe, tukashuka gia ya pili pole pole mpaka chini. Fundi alivyofungua akatuonyesha oili ya breki, nyeusi kama kahawa. Ile oili inanyonya unyevu kutoka hewani, na ukiwa na unyevu ndani breki zikipata moto yale maji yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Sasa tunabadilisha kila miaka miwili na kutoa hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne, na kwenye mteremko mrefu anaweka gia ya chini kabla hatujaanza kushuka, nikiwa pembeni namkumbusha na hakasiriki.

Tuliporudi kutoka Pangani cha kwanza ilikuwa kwenda kuosha gari chini. Sio juu, chini, ndani ya matao ya tairi, kwenye chesisi, juu ya springi, kwa maji baridi mengi, maana chumvi ya bahari haionekani lakini inafanya kazi usiku. Kijana wa kuosha magari alishangaa mama amelala chali kwenye turubai na tochi anamwonyesha pa kupulizia. Nimeona kutu mpya mbili kama sarafu pale pembeni ya jukwaa la mlango wa kuteleza, upande wa kushoto. Msasa ninao, primer ipo nusu kopo. Jumamosi mume wangu akirudi kutoka kazini tunaingia chini wote wawili, na ile klempu ya nyuma ya sinki nimeshanunua mpya, ya chuma kisichoshika kutu, iko kwenye droo ya vijiko karibu na maltimita.