Fayawoli Ndiyo Iliyoacha Mlango Wazi

Steshenari ninayoitunzia kompyuta iko Kirumba jijini Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Wateja wake wengi ni wachuuzi wa dagaa na wanafunzi wanaoomba mikopo ya chuo. Mashine zote za wateja zinatumia akaunti ya kawaida, isiyoweza kusakinisha kitu. Kwa hiyo nilipokuta kwenye mashine moja akaunti ngeni yenye madaraka ya msimamizi, nilimwuliza mwenye duka kama alimpa mtu nywila.

"Mwanangu, hiyo nywila hata mimi nimeshaisahau." Nilimwamini, maana kila mara hunipigia simu kuiuliza.

Antivairasi haikuona kitu. Nikapekua programu zinazojiwasha kabla mtu hajaingia, nikaishia kwenye fayawoli ya bure iliyowekwa na fundi wa zamani. Fayawoli inatakiwa ichuje mawasiliano tangu kompyuta inapowaka, ndiyo maana kwenye Windows fayawoli kama hii mara nyingi huendeshwa kwa akaunti ya mfumo wenyewe, SYSTEM, yenye nguvu kumzidi hata msimamizi. Hilo ni la kawaida. Tatizo lilikuwa mahali ilipokaa: badala ya Program Files, ambako mtumiaji wa kawaida husoma na kuendesha tu, ilijifungulia folda yake pale pale kwenye C:, diski kuu. Nikaandika icacls, amri ya kuonyesha nani ana ruhusa gani, pamoja na jina la folda, ukatokea mstari huu:

Authenticated Users:(I)(M)

Authenticated Users ni yeyote aliyeingia kwa akaunti yake; M ni ruhusa ya kubadili mafaili; I ni kwamba ruhusa hiyo imerithiwa kutoka C: yenyewe. Kumbe mlinzi alikuwa analala getini na funguo kazitundika nje! Mteja yeyote angeweza kubadili jina la faili la fayawoli, akaweka programu yake kwa jina lile la awali, kisha akasubiri kompyuta iwashwe upya ili iendeshwe kwa nguvu za SYSTEM na kumtengenezea akaunti ya msimamizi. Na kwetu umeme ukikatika, kila kitu kinawashwa upya.

Nikajaribu kwenye mashine ya akiba, nimechomoa waya wa intaneti. Nikiwa kwenye akaunti ya kawaida niliweka kiprogramu cha kuandika tu jina la anayekiendesha. Baada ya kuwasha upya, faili kilichoandika likasomeka: nt authority\system, yaani ile ile SYSTEM. Windows ilikizima baadaye kwa sababu hakikujibu kama huduma halisi (programu inayojiendesha yenyewe nyuma ya pazia), lakini kazi ilikuwa imeshafanyika.

Mashine iliyoingiliwa niliifuta yote na kuweka Windows upya. Akaunti ya namna hiyo ukiifuta peke yake huwezi kujua nini kingine kimebaki. Kwenye zile nyingine niliondoa fayawoli ile na kuwasha ya Windows yenyewe, ambayo imekuwa ikija imewashwa tangu Windows XP Service Pack 2 ya mwaka 2004. Kwa duka la kuchapisha inatosha kabisa.

Kisha nikapitisha icacls kwenye folda za programu zote zinazojiwasha. Ya printa nayo ilikuwa vile vile, na hiyo huwezi kuing'oa, duka litakula nini? Nikakata urithi wa ruhusa kwenye folda yake, nikawaachia wateja kusoma na kuendesha tu. Printa inachapa kama kawaida.